Baridi Yabisi na Chakula: Miiko Mingi ni ya Ugonjwa Mwingine

Katika vijiji vyetu wapo watu ambao asubuhi hawawezi kufunga vifungo vya nguo zao wenyewe. Vidole vimevimba. Ngumi haifungi. Mpaka jua lipande ndipo mikono inaanza kulegea kidogo. Wengi wao ni akina mama. Ukiwauliza wanaumwa nini watakujibu, "Ni baridi yabisi hii." Ukiwauliza wanafanya nini, watakutajia vyakula walivyokatazwa: nyama usile, maharage usile, mayai usile, maziwa acha, nyanya acha, ndimu usiiguse kabisa.

Je, nani kawakataza? Jirani, shangazi, muuza dawa mnadani, na pengine hata mganga wa zahanati aliyekuwa na foleni ndefu mlangoni.

Sasa tupige hesabu. Mtu akiacha nyama, maharage, mayai na maziwa, sahani yake inabaki na nini? Inabaki na ugali na mchuzi wa chumvi, na asubuhi chai ya rangi. Huyu ni mgonjwa ambaye ugonjwa wenyewe unamla misuli, halafu sisi tunamnyang'anya kile ambacho kingeijenga misuli hiyo. Baada ya mwaka mmoja amekonda, damu imepungua, na mikono inauma vile vile. Watu wanasema ugonjwa umezidi. Kumbe sehemu yake ni njaa.

Katika ukurasa huu tunataka kueleza chakula kinaweza kumsaidiaje mgonjwa wa baridi yabisi, na pale ambapo hakiwezi. Tunasema mapema ili tusipotezane njiani: chakula kinasaidia kwa kiasi, dawa ya hospitali ndiyo inayozuia viungo visiharibike, na ile miiko mingi iliyoenea ni ya ugonjwa mwingine.

UGONJWA WENYEWE

Neno yabisi limetoka katika Kiarabu. Maana yake ni kikavu au kigumu. Waganga wa zamani, Wayunani na Waarabu, walifundisha kwamba magonjwa huletwa na joto, baridi, unyevu au ukavu uliozidi mwilini, na jina la ugonjwa huu bado lina harufu ya mafundisho hayo. Mpaka leo mama akivimba vidole anaambiwa, "Ulizidi kufua kwa maji ya baridi." Siyo hivyo. Siku za baridi au za mvua mgonjwa huweza kusikia maumivu zaidi, lakini baridi siyo iliyouleta ugonjwa.

Mwili una askari wake wa kuulinda, nao hutembea katika damu. Vijidudu vya ugonjwa vikiingia, askari hawa huvishambulia. Katika baridi yabisi askari wanakosa shabaha. Wanaushambulia utando laini ulio ndani ya viungo kana kwamba ni adui. Utando unavimba, unapata joto, unauma. Mashambulizi yakiendelea miezi na miaka, utando ule uliovimba unaanza kula gegedu, yaani ule mfupa laini unaofanya kiungo kiteleze, halafu unakula na mfupa mgumu. Hapo ndipo vidole vinapopinda. Kidole kilichokwisha kupinda hivyo hakinyooshwi na chakula wala kidonge. Tena ugonjwa hauishii kwenye viungo. Unaleta uchovu na homa ndogo ndogo, unapunguza damu, na kwa wengine unafika mpaka kwenye mapafu na moyo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 18 duniani walikuwa na ugonjwa huu, na katika kila watu 10 kama 7 walikuwa wanawake. Sababu zake zote hazijajulikana. Kinachojulikana ni kwamba urithi wa ukoo umo kidogo, na kwamba kuvuta sigara kunaongeza hatari ya kuupata na kunaufanya uwe mkali kwa aliye nao. Kwa hiyo kama kuna kitu cha kuacha kutia mdomoni, basi tuanze na sigara kabla ya nyanya.

JINA MOJA, MAGONJWA MATATU

Hapa ndipo ulipo mzizi wa matata, kwa hiyo tusome polepole. Kijijini maumivu yote ya viungo tunayaita baridi yabisi. Tabibu yeye anatofautisha.

Kwanza kuna kuchakaa kwa viungo. Huku ni kwa wazee zaidi, na kwa watu wanene au waliobeba mizigo mizito miaka mingi. Goti au nyonga inauma ukitembea, ukipumzika inatulia. Asubuhi unaamka umekakamaa, lakini ukitembea dakika chache unalegea.

Pili kuna jongo. Jongo huja ghafla, mara nyingi usiku, na mara nyingi kwenye kidole gumba cha mguu. Kidole kinavimba, kinang'aa, kinawaka moto, hata shuka ikikigusa mtu anapiga kelele. Baada ya siku kadhaa au juma moja, mawili, kinatulia chenyewe. Siku nyingine kinarudia. Jongo huwapata wanaume zaidi. Huletwa na asidi iitwayo yuriki, ambayo ikizidi katika damu huganda kama chembe za chumvi ndani ya kiungo. Nyama nyekundu, maini, figo, dagaa, na hasa pombe, huiongeza asidi hiyo. Kwa hiyo mgonjwa wa jongo akiambiwa apunguze nyama na pombe, ameambiwa sawa. (Maharage hayana ubaya uliosemwa zamani, hata kwa mwenye jongo.)

Tatu ni baridi yabisi yenyewe. Hii haina haraka. Mara nyingi huanza polepole kwa majuma na miezi. Hushika viungo vidogo kwanza: vifundo vya vidole, vifundo vya mikono, na mashina ya vidole vya miguu. Hushika pande zote mbili, kulia na kushoto. Asubuhi viungo vinakaza kwa saa nzima au zaidi, na mtu akikaa bila kujongea vinakaza tena. Dalili za namna hii zikiwa zimefika majuma 6, usingoje zaidi.

Sasa mwaona? Ule mwiko wa nyama ni wa jongo. Umehamia kwa mgonjwa wa baridi yabisi kwa sababu ya jina tu. Mfano mzuri kuliko yote ni dagaa. Mwenye jongo anashauriwa awapunguze. Kwa mwenye baridi yabisi, dagaa ni rafiki yake, kama tutakavyoeleza. Basi majirani wawili wanakutana bombani, kila mmoja anasema, "Mwenzangu, nina baridi yabisi." Wanapeana ushauri kwa nia njema kabisa, na mmoja wao anaumizwa na ushauri wa mwenzake.

Kwa hiyo kabla ya kubadili chungu, jua kwanza unaumwa nini. Zahanati ikishindwa, omba barua ya kwenda hospitali ya wilaya, na ikibidi hospitali kubwa kama Bugando kule Mwanza, KCMC Moshi au Muhimbili Dar es Salaam. Tabibu ataishika mikono na miguu yako, atakuuliza maswali, na atapima damu. Damu peke yake haitoshi kukata shauri. Wapo wagonjwa ambao kipimo chao hakionyeshi kitu, na wapo wazima ambao kipimo chao kinaonyesha.

MBONA WATU WANASEMA WALIPONA?

Wapo watakaotupinga. Watasema, "Mimi niliacha nyanya, baada ya majuma mawili nikapata nafuu." Hatusemi kwamba wanadanganya. Lakini baridi yabisi ina tabia ya kupanda na kushuka yenyewe. Kuna majuma mabaya, kuna majuma ya unafuu. Je, mtu hujaribu kitu kipya lini? Hujaribu wakati maumivu yamefika kileleni. Na kitu kilichofika kileleni njia yake ni kushuka. Ni sawa na mtu anayetoka kupiga ngoma ili mvua kubwa ikome. Akipiga kwa muda wa kutosha mvua itakoma, na ngoma itasifiwa.

Nyanya, bilinganya, viazi mviringo na pilipili vimesingiziwa sana kwa namna hii, hata huko Ulaya. Madai hayo hayajathibitishwa.

Hata hivyo yawezekana chakula fulani kikamchokoza mtu fulani. Ukishuku hivyo, hapa kujua kusoma na kuandika kuna faida yake. Chukua daftari. Kwa majuma mawili ya kwanza usibadilishe kitu chochote. Kila siku andika mambo matatu tu: ulichokula, muda ambao viungo vilikaza asubuhi, na maumivu ni mangapi kuanzia 0 mpaka 10. Halafu acha chakula kimoja, siyo vitano, kwa majuma 3 au 4, huku ukiendelea kuandika. Halafu kirudishe. Kama maumivu yalipungua ulipokiacha na yakapanda ulipokirudisha, jaribu mara ya pili. Yakifanya vile vile tena, basi una sababu ya kukiacha. Yasipofanya hivyo, kula chakula chako kwa amani.

Asiye na saa anaweza kupima kwa kazi. Aandike: leo nimeweza kushika kikombe kabla ya watoto kwenda shule, au bado? Hicho ni kipimo kizuri tu, na tabibu akikiona kitamsaidia kuliko kuambiwa "naumwa sana". Ila mama mjamzito, mama anayenyonyesha, mtoto, na mtu aliyekwisha kukonda, wasianze mchezo wa kuacha vyakula bila tabibu kujua.

WALIOJARIBU HUKO KWINGINE

Mwaka 1991 madaktari wa Oslo, katika nchi ya Norwei, walitangaza matokeo ya jaribio moja. Wagonjwa 27 wa baridi yabisi walifunga kwa siku 7 mpaka 10, wakinywa chai za majani na maji ya mboga. Baada ya hapo wakala chakula kisicho na nyama wala samaki, na kwa miezi ya kwanza bila hata maziwa wala ngano, mpaka mwaka ukatimia. Wenzao 26 walikula kama kawaida. Wale 27 walipata nafuu kuliko wenzao.

Habari hii imetembea sana, na kila ilipopita imeongezwa chumvi: "Funga, acha nyama, utapona." Hebu tuiangalie vizuri. Wale wagonjwa walikaa majuma manne ya kwanza katika nyumba maalumu, wakapangiwa chakula na kuangaliwa. Hata hivyo walipungua uzito. Walipata nafuu, siyo kupona. Na inafahamika kwamba mtu akifunga tu, halafu akarudia chakula chake cha zamani, maumivu nayo yanarudi. Mama wa kijijini ambaye tayari mifupa ya shingo inaonekana, akifunga siku 10 kwa ajili ya vidole vyake, atapoteza misuli michache aliyobakiza.

Jaribio jingine lilitangazwa mwaka 2003 kutoka Uswidi. Wagonjwa walikula kwa majuma 12 kama wanavyokula watu wa kisiwa cha Krete: samaki, mboga kwa wingi, matunda, jamii ya maharage, mafuta ya zeituni, na nyama nyekundu kidogo. Nafuu ilikuwapo, ingawa siyo ya kushangaza mtu. Mwaka 2022 chama cha madaktari wa viungo cha Marekani kilitoa mwongozo. Kilisema ulaji wa namna hiyo ndio unaofaa kushauriwa, tena pamoja na dawa, na kwamba milo mingine ya miiko maalumu haina ushahidi wa kutosha. Kuhusu vidonge vya kuongeza lishe kilisema ni afadhali chakula chenyewe.

Sisi tumeipenda habari hii kwa sababu moja. Ukiondoa zeituni, chakula kile siyo kigeni. Ugali wa dona, maharage au kunde, mchicha, matembele, samaki, papai na chungwa: hicho ni chakula ambacho bibi zetu walikipika. Kinachotuharibia siku hizi ni soda, maandazi yanayoelea katika mafuta, na vijiko vinne vya sukari kwenye kikombe kimoja. Mgonjwa wa baridi yabisi akinenepa kupita kiasi, uvimbe huwa mkali zaidi, dawa hufanya kazi kwa shida, na magoti yanabebeshwa mzigo. Kwa hiyo kukonda ni vibaya na kunenepa sana ni vibaya. Kama zahanati ina mizani, panda kila mwezi na uandike kilo zako katika lile daftari.

Halafu kuna manjano na tangawizi. Zitie kwenye mboga na chai, hazina neno. Lakini anayekuuzia unga wa manjano na kukwambia uache vidonge vya hospitali, huyo anataka fedha zako.

DAGAA NA SAMAKI WENGINE WA MAFUTA

Mafuta ya samaki yana aina ya mafuta iitwayo omega-3. Mwili huyatumia kutengeneza vitu vinavyotuliza uvimbe. Wataalamu wameyapima kwa wagonjwa wa baridi yabisi mara nyingi. Walipowapa wagonjwa mafuta hayo katika vidonge, kadiri ya gramu 3 kwa siku kwa muda wa miezi 3 au zaidi, maumivu yalipungua, kukaza kwa asubuhi kukafupika, na wengine wakapunguza dawa za kutuliza maumivu. Nafuu haikuja kwa juma moja. Ilichukua miezi.

Tusidanganyane: kupata gramu 3 kila siku kutoka kwenye sahani ni vigumu, maana ingebidi mtu ale samaki wengi sana. Lakini anayekula dagaa au samaki wa mafuta mara 2, 3 au zaidi kwa juma anapata sehemu ya faida hiyo, na juu yake anapata chakula cha kujenga misuli. Watu wa Pwani wana vibua na dagaa wa baharini. Sisi tulio karibu na maziwa tuna dagaa wa Ziwa Victoria na wale wa Kigoma. Sato ni mtamu, hatukatai, lakini hana mafuta mengi.

Kuna jambo la kuangalia wakati wa kununua. Mafuta haya mazuri huharibika upesi kwa jua na hewa. Dagaa walioanikwa mchangani siku nyingi, wakageuka rangi ya njano na kutoa harufu kali ya mafuta yaliyochacha, wameshapoteza sehemu ya faida. Tena wana mchanga. Walioanikwa juu ya kichanja na kukauka vizuri wanang'aa na hawanuki vibaya. Bei yao iko juu kidogo, lakini hata kipimo kidogo cha hao ni bora. Nyumbani waweke katika chombo chenye kifuniko, mahali pasipo na jua. Usiwazamishe katika mafuta ya kukaangia. Wachemshe kwa nyanya na kitunguu, au uwaunge kwa karanga. Na wale wazima wazima, kichwa na mifupa, maana katika mifupa yake kuna madini ya kujenga mifupa yetu.

Asiyepata samaki je? Ale maharage, kunde, choroko, karanga, mayai, maziwa, na nyama kwa kiasi. Hapati yale mafuta, lakini anapata cha kujenga misuli. Mayai mawili au matatu kwa juma kwa mama mgonjwa si anasa, ingawa tunajua ni nani anayepewa yai kwanza katika nyumba nyingi.

DAMU, NA ILE NDIMU ILIYOKATAZWA

Wagonjwa wengi wa baridi yabisi wana upungufu wa damu. Sehemu yake inaletwa na ugonjwa wenyewe, na hiyo haiondolewi kwa chakula mpaka uvimbe utulizwe kwa dawa. Sehemu nyingine ni kukosa madini ya chuma. Chuma cha nyama na samaki mwili unakipokea kwa urahisi. Chuma cha maharage na mboga za majani unakipokea kwa shida, ila kikikutana na vitamini C kinapokelewa vizuri zaidi. Vitamini C iko wapi? Imo katika ndimu, chungwa, pera, papai. Yaani ile ndimu ambayo watu wanasema inakausha damu, ikikamuliwa juu ya mchicha au maharage ndiyo inayosaidia damu. Chai ya majani kinyume chake inazuia chuma. Usiinywe pamoja na chakula. Ngoja kama saa moja.

Ipo sababu ya tatu ya damu kupungua, nayo ni ya hatari. Dawa za kutuliza maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni huweza kuchimba tumbo likatoa damu ndani kwa ndani. Watu wanazinunua dukani kama peremende na kuzimeza asubuhi bila kula kitu. Zimezwe baada ya chakula, kwa siku chache, na zisichanganywe hizo mbili pamoja. Ukiona choo cheusi kama lami, au ukitapika damu, usitafute mboga ya kuongeza damu. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

CHAKULA NA DAWA ZA HOSPITALI

Dawa inayotumiwa kwanza kwa wengi inaitwa methotrekseti. Kazi yake ni kuwatuliza wale askari waliokosa shabaha. Tafadhali someni sentensi hii mara mbili: katika baridi yabisi dawa hii humezwa siku moja tu katika juma, siyo kila siku. Aliyeimeza kila siku kwa makosa anaweza kufa. Chagua siku yako, kama Jumatatu, na kila ukimeza weka alama kwenye kalenda. Mgonjwa hupewa pia vidonge vya foliki, vile ambavyo wajawazito hupewa kliniki, ili kupunguza madhara kama vidonda vya mdomo na kichefuchefu. Anayeitumia aachane na gongo na pombe nyingine, maana vyote viwili vinalielemea ini. Mwanamke mwenye mimba au anayetaka kuzaa haruhusiwi kuitumia, na amweleze tabibu mapema, kwani zipo dawa nyingine.

Wengine hupewa prednisoloni. Hii inatuliza upesi, mtu anacheka siku ya pili, na kwa sababu hiyo wengi wanaipenda kupita kiasi. Ikitumiwa muda mrefu inapunguza nguvu za mifupa, inaongeza hamu ya kula, inapandisha sukari na inajaza maji mwilini. Anayeitumia apunguze chumvi na sukari, anywe maziwa au mtindi kila anapopata, ale dagaa na mifupa yao, na apate jua la kutosha. Asiikate ghafla. Akiwa ameitumia majuma mengi na kuiacha kwa siku moja anaweza kuzirai. Huipunguza kidogo kidogo kwa maelekezo.

Kwa wenzetu wanaofunga Ramadhani, au wanaofunga kwa Kwaresima: kabla ya mwezi kuanza nendeni kwa tabibu na vidonge vyenu mkononi, mpange saa za kumeza. Nyingine zinaweza kusogezwa mpaka futari. Siyo zote.

MIKONO INAYOPIKA

Tumesema habari za dagaa, kunde na kisamvu kana kwamba vinajipika vyenyewe. Lakini anayepika katika nyumba nyingi ni yule yule mgonjwa. Kusonga ugali wa watu wanane kwa vifundo vilivyovimba ni mateso, na wengi wameacha kupika mboga kwa sababu hiyo tu. Wanakula ugali na chumvi kwa kuwa hakuna wa kutwanga kisamvu.

Kwa hiyo kutwanga na kusonga wapewe vijana, wa kiume pia. Maharage yalowekwe tangu jioni, yataiva upesi na kuni zitatosha. Kazi nzito za jikoni zisogezwe mpaka mchana, mikono ikiwa imelegea. Asubuhi mgonjwa atie mikono katika maji ya uvuguvugu, afungue na kufunga vidole polepole kabla ya kushika chochote. Mpini wa mwiko na wa kisu uzungushiwe vipande vya mpira wa baiskeli au kitambaa mpaka unenepe, kwa sababu mkono uliovimba hushika kitu kinene kwa urahisi kuliko chembamba. Apikie akiwa amekaa kwenye kigoda. Na sufuria yenye masikio mawili ni bora kuliko ile yenye mkono mmoja mrefu. Iinuliwe kwa viganja vyote viwili, siyo kwa ncha za vidole.